Maswali ya wasomaji: "Niliandika graundedi theori kwenye pendekezo, sasa nimenasa"

Mwezi huu kapu la barua limejaa graundedi theori tupu, nadhani ni msimu wa mapendekezo ya utafiti. Kwa ambaye hajawahi kuisikia, ni namna ya kufanya utafiti wa kitaamuli, yaani wa maelezo badala ya takwimu, ambapo huendi uwandani na nadharia mfukoni ukaipime, unaanza na watu na mambo yao, unachambua huku unakusanya, na nadharia inachimbuliwa humo humo kwenye data. Haya tuanze, barua nyingine nimezifupisha maana kuna mtu kaniandikia kurasa nne.

Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa masta, kwenye pendekezo niliandika nitatumia graundedi theori kwa sababu msimamizi alisema ndo inafaa. Nimeshafanya mahojiano 22, yote nimeyaandika neno kwa neno, sasa ndo nataka nianze kuchambua. Naanzia wapi? (Aliyenasa)

Marahaba. Kabla hujaanza popote nikuulize kitu kimoja, ulipomaliza mahojiano ya tatu ulibadilisha chochote kwenye la nne? Kama hukubadilisha, yaani maswali yalikuwa yale yale kuanzia mtu wa kwanza mpaka wa 22, na hao watu ulishawapanga wote kabla hujatoka nyumbani, basi ulichofanya si graundedi theori na hakuna uchambuzi utakaoigeuza iwe hivyo. Pole, najua si ulichotaka kusikia.

Wengi wanateleza hapa hapa. Wanadhani graundedi ni namna ya kuchambua, kama pasi unayoipitisha juu ya nguo ambayo imeshashonwa. Kumbe inaanza kwenye kukata kitambaa. Unahoji wawili watatu, unakaa chini unachambua, unaona kitu kinakusumbua, na kile kitu ndo kinakutuma kwa mtu wa nne, afu wa nne anaharibu ulichokuwa unakiwaza kwa hiyo unaenda kumtafuta wa tano ambaye wala hukuwahi kumfikiria. Huko kutumwa na data kunaitwa sampuli ya kinadharia. Mtu anaweza kukosea mengine mengi nikamsamehe, lakini akiruka hii hajafanya graundedi, kafanya kitu kingine. Na usiichanganye na ile ya kusema wanawake kumi na wanaume kumi, wa mjini na wa kijijini, ili kila kundi liwakilishwe. Hiyo unaipanga kwa kuangalia makundi ya watu, hii unaipanga kwa kuangalia wazo lako linapungukiwa na nini.

Sasa we unafanyaje. Njia nyepesi na ya ukweli ni kubadilisha jina. Mahojiano 22 ni mali, yachambue kwa uchambuzi wa dhamira, yaani kutafuta mawazo yanayojirudia kwenye mahojiano, ule ambao Virginia Braun na Victoria Clarke waliueleza mwaka 2006 na watu kibao wanautumia, hauna aibu yoyote. Njia ya pili, kama muda upo na kibali chako cha maadili kinaruhusu kurudi uwandani, ni kuyachukua hayo 22 kama awamu ya kwanza, uyachambue, mashimo yakionekana urudi na maswali mapya kwa watu wapya, na kwenye sura ya mbinu ukiri kwamba ulianza hivi ukaja kugeuza vile. Mi ningekuwa we ningebadilisha jina nikalala usingizi wangu. Ila ongea na msimamizi wako kwanza, usimwambie Mwalimu wa gazetini kasema.

Mwalimu, kila kitabu nikifungua nakuta Glaser, Strauss, Corbin, Charmaz, na kila mmoja anasema mwenzake kakosea. Nifuate nani? (Kichwa Kinaniuma)

Fuata mmoja, lakini kwanza ujue ugomvi ulianzia wapi, maana ukiujua huo kichwa kitapoa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Barney Glaser na Anselm Strauss walikuwa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, wakichunguza hospitali zinaishije na wagonjwa wanaokaribia kufa. Walikuwa pia na muuguzi kwenye timu, Jeanne Quint, ambaye watu hawamtaji na mi huwa inaniudhi. Enzi hizo Marekani madaktari wengi walikuwa hawamwambii mgonjwa kwamba anakufa. Hawa hawakwenda na dhahania, yaani jibu la kukisia, ya kupima, walikaa mawodini wakaangalia nani anajua nini, na nani anajua kwamba mwenzake anajua. Wakatoka na hali nne. Kuna pale mgonjwa hajui na wahudumu wote wanajua. Kuna pale anaanza kushuku na anatega maneno ili mtu ateleze. Kuna pale wote wanajua ila kila mmoja anajifanya hajui, wanaongelea hali ya hewa. Na kuna pale mambo yako wazi na yanazungumzwa. Hiyo ya tatu, yeyote aliyewahi kukaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa anaijua bila kufundishwa, na mi naona nadharia ya aina hii ikiwa nzuri inakuwa hivyo, inakupa jina la kitu ulichokuwa unakiishi. Kitabu cha hayo kilitoka 1965, na 1967 wakaandika kingine kueleza walifanyaje, na hicho ndo kikaleta jina graundedi theori na kelele zote.

Sasa hawa wawili hawakulelewa nyumba moja. Glaser alisomea Columbia, kwa kina Paul Lazarsfeld, watu wa takwimu, ndo maana ukimsoma unakuta viashiria, sifa, kulinganisha, utadhani anaongelea dodoso. Strauss alitoka Chicago, kule wanakoamini kwamba watu wanaishi kwa maana wanazozipa vitu na maana hizo zinazaliwa kwenye kuongea na kutendeana. Walipokuwa pamoja tofauti haikuonekana sana. Mwaka 1990 Strauss na Juliet Corbin wakatoa kitabu cha hatua kwa hatua, na ndani kuna kodingi ya mhimili, hatua ya kupanga lebo ulizopachika kwenye maneno ya wahojiwa, yaani kila kategoria (kundi la lebo zinazoongelea jambo moja) unaiuliza imesababishwa na nini, iko kwenye mazingira gani, watu wanaikabilije, na mwisho wake nini. Glaser akawaka. 1992 akajibu kwa kitabu kizima akisema hiyo ni kuilazimisha data, wakati inatakiwa uiache ijitokeze yenyewe. Afu Kathy Charmaz, ambaye alisoma kwao wote wawili, akaja na lake: hakuna nadharia iliyozikwa inayosubiri kufukuliwa, mtafiti anaijenga pamoja na watu anaowahoji na alikotoka mtafiti kunaingia humo, apende asipende. Kitabu chake kilichojulikana zaidi ni cha 2006. (Mi hapo juu nimesema "kuchimbuliwa", najua Charmaz angeninunia.)

Kwa hiyo, ukiwa mwoga wa kupotea na unataka ngazi ya kushika, nenda na Strauss na Corbin. Ukiwa na subira ya kukaa gizani miezi bila kujua unaelekea wapi, Glaser. Mi niko kwa Charmaz. Ila usiwachanganye bila kujua, ukurasa wa 60 unasema nadharia ilijitokeza yenyewe na ukurasa wa 61 unasema uliijenga na washiriki, mtahini atakukalisha hapo nusu saa.

Eti ni kweli nisisome chochote kabla ya kwenda uwandani? Paneli inataka mapitio ya maandiko kurasa 30.

Andika kurasa 30 zao, pendekezo lipite. Wale wa 1967 walisema usianze na maandiko ya eneo lako unalochunguza, wakiogopa utaenda kuona yale tu uliyoyasoma, na Glaser aliishikilia hiyo mpaka mwisho. Wengine walilegeza kamba mapema. Hofu yenyewe ina maana, si ya kudharau, ila dawa yake si ujinga. Soma, afu andika memo moja (maandishi ya kujiandikia mwenyewe) ya uwazi kabisa, "mi naamini hivi na hivi kuhusu hili jambo na nategemea kukuta hiki", uitunze. Ukifika katikati ya uchambuzi uitoe ulinganishe, na kama ulichokipata ni kile kile ulichotegemea, shtuka.

Mambo Mwalimu? Mahojiano yangu ni ya Kiswahili ila tasnifu ni ya Kiingereza. Nilitafsiri yote kwanza afu ndo nikaweka kodi, sasa nina kodi 412, nyingi ni neno moja moja, huzuni, pesa, familia, dini. Sioni nadharia, naona orodha tu. (Mwenye Kodi Nyingi)

Poa sana. Kwa wasomaji wengine, kodi hapa si ile ya mapato, ni lebo fupi unayoipachika kwenye kipande cha maneno ya mhojiwa kusema hapa kunatokea nini.

Barua yako imenifurahisha kuliko zote maana ina makosa mawili mazuri, na la kwanza limechangia la pili. Rudi kwenye Kiswahili. Tuseme unatafiti watu wanaouguza ndugu zao nyumbani (mfano nautunga hapa hapa, usiende kuunukuu). Mmoja anasema, "Mbele yake najikaza, nikifika nje ndo nalia." Ukishaitafsiri hiyo "najikaza" kwa Kiingereza utapata neno la kuwa imara, la kuwa na nguvu, na kodi yako itakuwa "nguvu". Lakini anayejikaza si mwenye nguvu, anayejikaza ni yule ambaye nguvu zimemwishia na bado kuna mtu anamtazama. Neno lote limebeba nadharia na we umelitupa kabla hujaanza kazi. Chambua kwa lugha waliyoongea, tafsiri baadaye vile vipande tu utakavyovinukuu, na "kujikaza" lenyewe liache lilivyo ndani ya tasnifu ya Kiingereza, lieleze kwa aya moja. Kuchukua neno la mhojiwa mwenyewe likawa kodi ni jambo linaloruhusiwa na wote, hata wale wanaogombana.

La pili, kodi zako ni nomino. Huzuni, pesa, familia, hizo ni stempu, unagonga unapita. Glaser alitaka kodi za vitendo na Charmaz kaisisitiza sana hiyo, na wanafunzi wanaoandika Kiingereza wanahangaika kukumbuka, wakati sisi Kiswahili kimetupa ku- bure kabisa. Usiseme "huzuni", sema "kuchagua pa kulilia". Ona sasa, kuna mtu, kuna mahali, kuna uamuzi, na kuna swali limeshazaliwa: kwa nini nje na si ndani?

Twende na mwingine. "Simwambii nimechoka, akijua anaacha kula." Mweke pembeni ya yule wa kwanza. Wote wanaficha, mmoja chozi na mwingine uchovu, wote mbele ya mgonjwa, ila huyu wa pili katoa sababu, mgonjwa akijua atajiumiza. Sasa yule wa kwanza alikuwa anajikaza kwa ajili ya nani, ya mgonjwa au ya nafsi yake? Hujui, kwa hiyo swali hilo linaenda kwa mtu anayefuata. Anayefuata anakujibu, "Aah, yeye mwenyewe anajua nalia, tunajuana tu." Lahaula, kumbe kuna kujikaza ambako anayefichwa anajua! Hapo kategoria ya kujikaza imeshapata sifa tatu: mbele ya nani, kwa ajili ya nani, na anayefichwa anajua au hajui. Huku kuweka kipande na kipande, kipande na kategoria, mpaka mwisho, ndo ulinganishi endelevu, haina uchawi mwingine. Ila hiyo sifa ya tatu imefanana mno na zile hali za hospitalini nilizoziandika kwenye jibu la juu, na ningekuwa natafiti kweli ningesimama hapo niandike memo, je ni data imesema au ni mimi niliyetoka kuwasimulia watu habari za Glaser na Strauss dakika kumi zilizopita?

Memo ndo hiyo, ni kujiandikia. Haina umbo, inaweza kuwa mistari mitatu au kurasa mbili, na ikikujia uko katikati ya kodingi acha kodingi uandike. Nimeona wanafunzi wenye kodi mia na memo mbili, hao hawafiki, nadharia inaandikwa kwenye memo si kwenye kodi.

Baada ya hapo unatumwa. Kwa mfano huu mi ningeenda kumtafuta anayeuguza mtu ambaye hamtambui tena mtu yeyote. Mbele ya asiyekutambua bado unajikaza? Kama ndiyo, basi wazo lote la kumlinda mgonjwa linayumba na inabidi utafute lingine.

Na hizo 412 usizikumbatie. Chagua zinazorudi rudi na zinazobeba nyingine mgongoni, zilinganishe na mahojiano yote upya, nyingi zitakufa zenyewe. Unachotafuta mwishoni ni kategoria kuu moja ambayo nyingine zinaning'inia kwake, na unaitambua kwa sababu ukiitoa hadithi yote inaanguka.

Mwalimu nitajie namba tu, mahojiano mangapi yanatosha? Nimesikia 12.

Hiyo 12 naijua inakotoka. Greg Guest na wenzake wawili walichapisha mwaka 2006, walikuwa na mahojiano 60 ya wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaangalia kodi mpya zinakoma kutokea wapi, wakakuta kufikia mahojiano 12 nyingi zilikuwa zimeshatoka. Kazi nzuri. Lakini wale walikuwa watu wanaofanana, wanaulizwa maswali yanayofanana, na walikuwa wanatafuta dhamira, si nadharia. Watu wameichukua namba wameacha masharti.

Kwetu unaacha kuhoji pale kategoria inaposhiba, yaani haitoi jipya tena. Wahojiwa kurudia maneno yale yale si kushiba, huenda ni we unauliza swali lile lile kwa watu wale wale. Kategoria imeshiba pale ambapo umetafuta kwa makusudi mtu wa kuivuruga, kama yule wa juu anayeuguza asiyemtambua, na bado hakuna sifa mpya inayotokea. Kwenye pendekezo andika kadirio, kuanzia kadhaa mpaka kadhaa, na useme idadi ya mwisho itaamuliwa na kategoria. Kamati ya maadili ikitaka namba moja, wape ile ya juu.

NVivo itanifanyia uchambuzi? Na hizi programu za akili bandia je?

NVivo na ATLAS.ti, programu za kompyuta za kupanga data ya mahojiano, ni kabati, kabati zuri, linakutunzia kodi na memo na kukutafutia haraka, nguo unazipanga mwenyewe. Akili bandia itakupa kodi 50 kwa dakika, safi zote, na nyingi zitakuwa zile zile ambazo mtu yeyote angezitaja bila kusoma mahojiano yako. Na kabla hujapakia maneno ya watu huko kasome kwanza fomu ya ridhaa waliyosaini inasemaje, sitanii.

Tuseme ukweli tu, hii kitu si ya wale wanaokimbia hesabu? Mtu anahoji watu kumi na tano anaibuka na "nadharia". (Mtu wa Takwimu)

Karibu, nilikuwa nakusubiri. Glaser kalelewa na watu wa takwimu kama nilivyosema, na msimamo wake ulikuwa kwamba kila kitu ni data, namba zikiwemo. Kwa hiyo kama kuna aliyekimbia, si yeye. Pia graundedi haidai kuthibitisha, inakupa maelezo ya mchakato na dhahania zenye mizizi kwa watu halisi, we na dodoso lako la watu elfu mbili unakaribishwa kuja kuzipima, na dodoso lenyewe litakuwa na maswali ya maana zaidi kuliko yale uliyoyatunga ofisini. Kutokana na watu kumi na tano siwezi kukwambia ni asilimia ngapi ya wauguzaji wanajikaza. Naweza kukwambia kujikaza kunafanyikaje na kunavunjika lini.

Lakini sitakubishia kila kitu. Kazi nyingi zinazojiita graundedi ni orodha ya dhamira tano zenye nukuu chini yake, hakuna nadharia ndani, jina limepachikwa kwa sababu linasikika la kisomi. Roy Suddaby aliandika mwaka 2006 kwenye jarida la masomo ya uongozi kueleza graundedi theori si nini, na sidhani kama hali imebadilika sana tangu hapo. Ukiletewa tasnifu ya namna hiyo usihangaike na idadi ya watu, fungua sura ya mbinu utafute ni baada ya mahojiano ya ngapi maswali yalibadilika na kwa nini. Ukikosa hilo guna kwa sauti, mi niko upande wako.